Kutengeneza kava la faiba la mashine ya boti: anza na hewa, urembo baadae

Pita ufukwe wowote wenye boti za uvuvi, kuanzia Tanga mpaka Kilwa, utakuta mashine ziko uchi kwenye tezi, yaani nyuma ya boti. Kava limepasuka, au limeibiwa, au liliruka baharini siku ya mawimbi na nahodha hakujua mpaka kafika pwani. Wengine wanafunga sandarusi, wengine wanakata dumu la lita 20 wanalivalisha juu afu wanalikaza na mpira wa tyubu, na wengine ndo hawafungi kitu kabisa, wanaenda hivyo hivyo na Mungu. Kava jipya la kampuni bei yake inauma, na kwa mashine za zamani saa ingine hata pa kuliagiza hamna. Ila faiba ipo na rezini ipo (ile gundi ya maji inayoigandisha faiba), na ukitulia unatengeneza kava lako mwenyewe likakaa miaka. Naeleza namna ya kutengeneza moja tu kwa ajili ya mashine moja, bila karakana na bila kalibu, mfano wangu ni Yamaha Enduro 40 ile ya kuchanganya petroli na oili, kwa sababu ndo imejaa huku, lakini hatua ni zile zile hata kama una ya farasi 15 au 25.

Kwanza tuelewane kazi ya kava, maana watu wanadhani ni kifuniko cha kuzuia mvua basi. Kava ni pua ya mashine. Hewa yote inayoingia kwenye kabureta inapita kwanza kwenye tundu la kava, kwa hiyo kava linatakiwa liruhusu hewa nyingi sana iingie na wakati huo huo likatae maji ya chumvi, na hivyo vitu viwili vinagombana. Ukiziba sana ili maji yasiingie mashine inakosa pumzi, ukiacha wazi sana chumvi inakula koili, inakula CDI (kile kisanduku cha umeme wa plagi), plagi zinavujisha moto, na siku wimbi likikupiga kwa nyuma kabureta inameza maji. Fundi wengi wa faiba wanaanza na shepu, iwe kali, iwe na mapembe kama mashine mpya, tundu la hewa wanalikumbuka mwisho wanatoboa vishimo vinne vya drili. Hapo ndo kava zuri linaua mashine nzuri.

Tupige hesabu kidogo, haichukui muda. Enduro 40 ina ujazo wa sisi (cc) 703, na mashine ya tu-stroku inavuta hewa kila mzunguko mmoja. Ukiipeleka mizunguko 5,000 kwa dakika, kwa hesabu ya karatasi inavuta kama lita 3,500 za hewa kila dakika, karibu lita 58 kila sekunde. Sasa tundu lenye upana wa sentimita 20 na urefu wa sentimita 4 lina sentimita za mraba 80, na hewa ikipita hapo inakwenda kama mita 7 kwa sekunde, ambayo ni sawa, haisumbui. Ukilipunguza likawa sentimita za mraba 20 hewa inalazimika kwenda mara nne ya hapo, inapiga mluzi, inavuta na matone ya maji njiani, na mashine inazidiwa petroli kwa kukosa hewa, plagi zinakuwa nyeusi tii. Kwa hiyo kwa 40 shika 80 kama kipimo cha chini, na hiyo 80 iwe njia nzima kuanzia nje mpaka ndani, siyo mlangoni tu afu ndani kuna kona nyembamba ya vidole viwili. Kama bado una kipande cha kava la zamani, pima tundu lake, usishuke chini ya hapo.

Vipimo kwenye boti

Pima mashine ikiwa imefungwa kwenye ubao wa tezi, siyo ikiwa chini kwenye stendi. Sababu ni kwamba mashine ikiinuliwa, kichwa chake kinalala kwa mbele kuja ndani ya boti, na ukiigeuza huku imeinuliwa kuna pembe ya kava inaweza kugonga ubao, au benchi la nyuma, au tenki la mafuta. Boti zetu nyingi za mbao zimeongezewa mbao za tezi ili shafti ikae sawa, kwa hiyo nafasi iliyopo siyo ile aliyoiwaza mtengenezaji wa mashine. Inua mashine mpaka mwisho, geuza kushoto na kulia, uone umbali gani umebaki kati ya kichwa na mbao, andika.

Afu chukua boksi gumu, la friji au la TV, kata vipande uvisimamishe kuzunguka mashine uvigundishe na solotepu mpaka upate kava la boksi. Hii hatua watu wanairuka, mi nasema usiiruke, boksi halina gharama. Acha nafasi ya milimita 25 juu ya flaiwili na gia ya kamba ya kuwashia, na milimita 15 hadi 20 pembeni kwenye vifuniko vya plagi, koili na nyaya. Angalia kamba ya kuwashia inatokea wapi ili ukingo wa kava usiisugue. Na hakikisha kava la boksi linatoka kwa kuinuliwa juu moja kwa moja bila kunasa kwenye kitu, maana siku plagi imekufa mko katikati ya bahari utalitoa hilo kava kwa mkono mmoja, mwingine umeshika boti.

Beseni la chini la mashine, ile sehemu ambayo kava linakaa juu yake, ndo mwalimu wako. Weka karatasi juu yake, pita na penseli kufuata ukingo wote, hamishia kwenye plaiwudi ya milimita 9, kata. Hiyo plaiwudi ndo itakuwa msingi wa umbo lako. Kabla ya kuikata iongeze milimita 5 kuzunguka kwa ajili ya raba ya kuzibia, na milimita 2 au 3 zaidi kwa sababu rezini ya polista ikikauka inasinyaa, na ukiipaka kwa nje ya umbo inajibana kwa ndani, mdomo unakuwa mdogo kuliko ulivyopima. Kava linalopwaya kidogo raba inalirekebisha. Kava linalobana hamna la kufanya.

Vitu vya kununua

Kwa kava la urefu wa sentimita 60, upana 40 na kina 40 eneo lake linakuja kama mita moja ya mraba. Tabaka zangu ni moja ya mati (shiti ya nyuzi fupi za faiba) ya gramu 300 kwa mita ya mraba na mbili za gramu 450, ikikauka inatoa unene wa karibu milimita 3, inatosha kabisa. Mati yote inakuwa kilo 1.2, nunua kilo moja na nusu kwa sababu ya vipande vinavyopotea. Rezini inakwenda kama mara mbili mpaka mbili na robo ya uzito wa mati, kwa hiyo kilo 3 zinaingia kwenye mati na moja ya ziada kwa kiraka, ukingo na kupaka ndani. Jumla kilo 4.

Rezini chukua polista ya kawaida ya boti, na kama duka lina aina ya iso ongeza hela uichukue hiyo, inavumilia joto na maji kuliko ile ya bei rahisi, na ndani ya kava kuna joto kweli hasa ukizima mashine juani. Epoksi ni kali zaidi ila bei iko juu, na pia mati ya kawaida ya nyuzi fupi imegundishwa na gundi inayoyeyushwa na polista, ukiitumia na epoksi inabaki ngumu haitaki kulala. Epoksi inataka kitambaa cha kufumwa. Kwa kava sioni sababu.

Uliza kama rezini imeshatiwa kobalti, ile dawa ya kuharakisha kukauka. Nyingi zinauzwa tayari, unaongeza hadina tu, yaani dawa ya kugandisha. Kama wanakupa kobalti pembeni kwenye chupa yake, sikia vizuri: kobalti na hadina visikutane vyenyewe hata tone, vikikutana vinawaka au vinalipuka. Koroga kobalti kwenye rezini kwanza mpaka ipotee kabisa, ndo uje kutia hadina. Na chupa zake usiziweke kapu moja.

Vingine ni brashi za bei poa tatu nne, rola ndogo ya chuma ya kutoa hewa, asetoni lita moja, nta ya kung'arisha gari, solotepu ya kahawia ile pana, sirinji ya hospitali ya mil 10, glavu, miwani, maski ya moshi wa rangi siyo ile ya kitambaa, msasa wa 80, 120, 240 na 400, bodi fila, praima, rangi. Raba ya mlango wa gari mita 2 na nusu, utaipata kwa wauza vipuri vya gari, hata iliyotumika ni sawa kama bado laini. Bolti, nati na washa ziwe stenlesi, chuma cha kawaida kwa maji yetu kitaanza kutoa kutu nyekundu mapema sana na itashuka mpaka kwenye rangi yako.

Kujenga umbo

Umbo unalijenga kwa ile povu nyeupe inayokuja ndani ya boksi la TV au inayouzwa kwa shiti, unaigundisha kwa tabaka juu ya plaiwudi mpaka ifike kimo, afu unachonga kwa kisu cha mkate na msumeno wa chuma na mwisho msasa. Inachongeka vizuri mno ila ina adui mmoja: rezini ya polista inaiyeyusha. Ukipaka moja kwa moja umbo linazama mbele ya macho yako, linabaki shimo lenye uji. Kwa hiyo ukishachonga lifunge lote na ile solotepu ya kahawia, kipande kilalie kipande kingine, usiache hata ufa wa kucha, pembeni kabisa rudia mara mbili. Uzuri wa hiyo tepu ni kwamba rezini haishiki juu yake, kwa hiyo inakulinda na pia inakusaidia kulitoa kava. Juu yake paka nta, futa, paka tena.

Kuna wanaopaka jipsam juu ya povu badala ya tepu, wanasawazisha, wanapiga vanishi. Inatoa uso safi zaidi upande wa ndani. Lakini ndani ya kava nani anaangalia? Na jipsam isipokauka vizuri unyevu unaharibu tabaka la kwanza. Tepu.

Pembe zote ziviringe, nusu duara ya milimita 10 au zaidi. Mati haipendi kukunjwa kwenye kona kali, inanyanyuka inaacha mapovu ya hewa, na hapo ndo kava linaanza kupasukia. Na umbo lote liwe jembamba kidogo juu kuliko chini, litoke.

Sehemu ya hewa ijenge peke yake, ndo sehemu inayotaka akili hapa. Weka nyuma juu, upande unaoangalia nje ya boti, maana rasharasha nyingi boti ikitembea inatoka mbele na pembeni. Nje unafanya kama kibanda kidogo, mdomo wake unaangalia nyuma na umeinama chini, upana 20 na urefu 4 kama tulivyosema. Hewa ikishaingia kibandani inakutana na ukuta wa faiba uliosimama sentimita 6 au 7 kutoka sakafu ya kibanda, lazima ipande juu ya ukuta ndo ishuke ndani kwenye mashine, na juu ya ukuta napo uache zile sentimita 4. Maji ni mazito, yanagonga ukuta yanaanguka chini, na pale sakafuni toboa matundu mawili ya milimita 10 yanayotoka nje ili yajimwage yenyewe. Sakafu iwe na mteremko kwenda kwenye hayo matundu hata mashine ikiwa imeinuliwa kidogo. Ukiweza, ule mdomo wa ndani uelekeze mbali na kabureta, upande wa pili, ili hata tone lililopenya lidondokee beseni na sio kwenye koo la kabureta. Hicho kibanda na ukuta wake unavitengeneza kwa vipande bapa vya faiba, unamwaga tabaka mbili juu ya kioo au fomeka iliyopakwa nta, ikikauka unakata na grenda unaunganisha kwa vipande vya mati.

Kupaka

Siku ya kupaka chagua asubuhi kavu. Kipindi cha masika unyevu ukiwa mwingi mati inavuta maji hewani, inabaki nyeupe hata ukiilowesha vipi, na rezini inakauka kiulegevu. Kaskazi kuna tatizo la pili, joto, saa saba mchana rezini inageuka mawe ndani ya kopo kabla hujamaliza upande mmoja. Anza saa moja asubuhi chini ya kivuli penye upepo.

Hadina inawekwa kwa asilimia, kati ya 1 na 2 ya uzito wa rezini. Kwa joto letu mi naanzia chini, mil 5 kwa nusu kilo, na ikiwa ni Julai kumepoa naongeza mpaka mil 8. Usishuke chini ya asilimia 1 eti upate muda, haitakauka mpaka ndani na kava litakuwa laini milele. Ukitaka muda, changanya kidogo kidogo. Nusu kilo kwa mara moja inatosha, na ukishakoroga dakika nzima mimina kwenye chombo kipana kama trei, kwa sababu rezini ikijazana kwenye kopo inajipasha yenyewe, inatoa moshi na inaweza kuyeyusha kopo. Likianza kufuka litoe nje uliache kwenye mchanga, usimwage kwenye ndoo ya takataka yenye matambara ya asetoni.

Macho. Hadina ikiruka jichoni inaweza kukupofusha, siyo utani, vaa miwani hata kama unapima mil 5 tu, na weka ndoo ya maji safi karibu, ikitokea unaosha dakika 15 bila kusimama huku mtu anatafuta usafiri wa hospitali. Sigara isogee mbali na hapo. Mikono mirefu, na kabla ya kuvaa glavu paka poda ya mtoto mikononi, vumbi la faiba linawasha, na ukimaliza ogea maji ya baridi, ya moto yanafungua ngozi unazidi kujikuna.

Mati ichane kwa mkono, usiikate kwa mkasi, ukingo uliochanwa unalala na kupotea kwenye mwenzake wakati uliokatwa unaacha ngazi. Paka rezini kwanza juu ya umbo, laza mati ya 300, afu dondoshea brashi kwa kuchoma choma, usiisukume kama unapaka ukuta, utaivuruga. Subiri kidogo inywe. Ikiwa nyeupe haijalowa, ikigeuka kama kioo unaona tepu chini yake imeshiba. Pita na rola kufukuza hewa, hasa kwenye pembe. Vipande vilaliane sentimita 5, na tabaka linalofuata maungio yake yasikae juu ya maungio ya chini. Tabaka zote tatu zipige siku hiyo hiyo moja juu ya nyingine zikiwa bado zinanata. Rezini inayochuruzika chini ni nyingi mno, ivute kwa brashi. Faiba yenye rezini nyingi haiwi ngumu, inakuwa kama biskuti, inang'aa vizuri afu inapasuka kwa kugongwa na kasia.

Ukingo wa chini wote ongeza ukanda wa mati wa sentimita 6, tabaka mbili. Pale lachi (komeo la kubania kava) itakapokaa zamisha kipande cha aluminiamu cha milimita 3 ukubwa wa kiganja, kikwaruze na msasa wa 80 kwanza ili kishike, ufunike na tabaka mbili. Lachi ndo inabeba kava zima kwa mtikisiko wa mashine na bila hicho kibati bolti zitakula faiba mpaka shimo liwe mdomo.

Kuna wakati rezini imeshashika ila bado ni kama mpira mgumu. Hapo chukua kisu kikali ukate ukingo wote kufuata plaiwudi, unakatika kama ngozi ya kiatu, hamna vumbi. Ukichelewa ni grenda na kujikuna wiki nzima.

Liache lilale mpaka kesho yake. Afu chomoa plaiwudi, vunja povu litoe vipande vipande, bandua tepu. Ndani kutakuwa na alama za mikunjo ya tepu, kwarua na msasa wa 80.

Kulivalisha

Kabla ya kitu kingine pima nafasi za ndani. Mashine ikiwa imezimwa kabisa, finyanga vidonge vya dongo la kuchezea watoto uviweke juu ya flaiwili, koili, vifuniko vya plagi, kila kilichochomoza. Shusha kava mpaka likae, libane kidogo, liinue. Kidonge kilichobonyea kikabaki milimita 5 kinakwambia hapo patagusa mashine ikitikisika, na unaweza kupandisha sehemu hiyo kwa kukata dirisha na kujenga nundu. Zikibaki milimita 20 endelea na maisha yako.

Visha raba ya mlango kwenye ukingo. Lachi kama ya zamani bado ipo kwenye beseni itumie hiyo hiyo, ni imara kuliko ya kununua. Kujua ndoano itagusa wapi, paka chaki ya rangi kwenye ndoano, shusha kava, funga lachi, alama itajichora yenyewe ndani. Toboa hapo, bolti za milimita 6 na washa pana pande zote mbili. Mbele weka ulimi wa kunasa kwenye beseni. Likifungwa raba ibonyee kama theluthi ya unene wake, ikibonyea zaidi lachi inateseka.

Na tafadhali weka kamba. Nusu mita ya kamba ya milimita 4, upande mmoja kwenye kava upande mwingine kwenye beseni, fupi kiasi kwamba kava likifunguka lining'inie bila kufika kwenye panga boi wala kunaswa na flaiwili. Makava mengi yaliyoko chini ya bahari hayakuvunjika, lachi ilifunguka tu.

Usizibe matundu ya chini ya beseni eti kuzuia maji. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka chini, unatakiwa upate pa kutokea, ukikaa humo unasubiri cheche. Na tundu la mkojo wa mashine, lile linalorusha maji ya kupozea, liwe wazi unaliona ukiwa umekaa, hilo ndo linakuambia pampu ya maji inafanya kazi. Kuna watu wanapachika sponji ya godoro ndani kupunguza kelele. Hapana. Inakunywa petroli, inabanduka kwa joto, na kipande kikivutwa kwenye kabureta utapiga kasia kurudi.

Fila, msasa, rangi

Hapa sina mengi, ni jasho tu. Uso wa polista unabaki unanata kwa sababu hewa inauzuia kukauka, uoshe na asetoni kabla ya msasa, la sivyo msasa unaziba dakika moja. Bodi fila ipake nyembamba, msasa wa 80 kwenye kibao, siyo kwa vidole, ukimaliza 120 afu 240, praima, 400, rangi. Fila ya gari inakunywa maji, kwa hiyo isibaki hata doa bila praima, ikiwezekana praima ya epoksi. Rangi iwe nyeupe au kijivu cha mwanga. Nyeusi inapendeza kwenye picha ila saa nane mchana ikiwa imeegeshwa juani faiba inapata joto la kuilegeza, juu panabonyea. Ndani napo paka nyeupe, petroli ikivuja utaona doa mapema.

Majaribio

Nchi kavu kwanza. Tandika gazeti kavu juu ya kabureta na koili, funga kava, mwaga maji kwa mpira kuelekea kwenye mdomo wa hewa dakika mbili tatu, na ndoo moja uirushe kwa nguvu kutoka nyuma. Fungua usome gazeti. Limelowa pembeni, sawa. Limelowa katikati, ongeza sentimita 2 kwenye ule ukuta na upandishe paa la kibanda kwa kiasi hicho hicho, usije ukapunguza njia ya hewa.

Afu baharini siku ya maji kutulia, uwe na mtu wa pili, mmoja aendeshe. Nenda mwendo wa mwisho na kava, soma spidi kwenye GPS ya simu, rudi. Toa kava, ukae mbali na flaiwili, nguo na kamba zisining'inie karibu, nenda tena njia ile ile upande ule ule wa upepo. Spidi zikilingana kava linapumua. Bila kava ikiongezeka hata maili moja, au mlio ukabadilika ukawa mwepesi, tundu ni dogo, lipanue. Ukirudi pwani toa plagi uangalie, rangi ya kahawa ni nzuri, nyeusi yenye unyevu rudi kwenye tundu la hewa.

Jaribio la mwisho ni la kusimama ghafla. Ukiwa mwendo wa kati punguza mpaka sailensa, mashine ikiwa inaunguruma tu, lile wimbi lako mwenyewe linakufuata linapanda tezi. Hapo ndo maji yanaingia kwenye makava mengi, siyo wakati wa kutembea. Fanya mara kadhaa, fungua, angalia.

Baada ya wiki chache za kazi kaza bolti za lachi, zitakuwa zimelegea, na pitisha kidole kwenye pembe zote ndani kutafuta nyufa nyembamba kama unywele. Ukikuta, kwarua na msasa wa 80 sentimita 5 kila upande, tabaka mbili za mati kwa ndani, nje fila na rangi. Na kama wenzako pale pwani wameliona na wote wanataka, kabla hujalipeleka kazini litie nta tabaka kadhaa, ulichukulie kalibu la nje la vipande viwili kutoka humo humo, la pili na kuendelea unaanza na jelkoti (rezini nzito yenye rangi inayopakwa kwanza ndani ya kalibu) na hamna tena kazi ya msasa.